Mayai ya ng'ombe hayakomai labo: dalili, sababu, na hatua za kuchukua kabla hujailaumu FSH

Simu ninazopigiwa na mafundi wa labo na wanafunzi wa udaktari wa mifugo hapa Lubumbashi karibu zote huanza hivi: "Yaya, FSH yetu imekufa." Nikiuliza wamejuaje, jibu ni kwamba mayai hayakukomaa, basi. FSH, homoni inayochochea folikuli (vifuko vya mayai ndani ya ovari), ndiyo ghali, ndiyo iliyosafiri mbali, kwa hiyo ndiyo inayobebeshwa lawama. Kichupa kinatupwa, kingine kinaagizwa, miezi inapita, na mayai bado hayakomai kwa sababu tangu mwanzo inkubeta, kabati la kuyatunza mayai kwenye joto, ilikuwa inadanganya joto.

Ninachoeleza hapa ni mayai ya ng'ombe yanayonyonywa kwenye ovari za machinjioni na kukomazwa kwenye kisahani. Mpangilio unafuata dalili, kwa sababu fundi huona dalili kwanza. Chini ya kila dalili, sababu ya juu ndiyo ninayoikuta mara nyingi na ya mwisho ndiyo adimu. Mapishi ninayoyachukulia kuwa ya kawaida ni haya: midia (maji ya kukuzia seli) ya TCM-199 yenye bikaboneti, seramu ya ndama asilimia 10, FSH, piruvati 0.2 mM, gentamisini mikrogramu 50 kwa mililita, nyuzi joto 38.5, hewa yenye unyevu na CO2, saa 22 hadi 24. Labo ikienda vizuri, mayai 70 hadi 90 katika kila 100 yaliyochaguliwa hufika metafazi ya pili, yaani hatua ambayo yai liko tayari kupokea mbegu. Ukiwa ndani ya kiwango hicho huna tatizo la ukomavu, hata kama hupendi matokeo yako ya baadaye.

Homoni inafanya kazi wapi hasa

Mwaka 1935 Pincus na Enzmann walionyesha kwa sungura kwamba yai likitolewa tu kwenye folikuli huendelea lenyewe na mayosisi, ule mgawanyo wa kiini unaoliandaa kwa mbegu, bila kuongezewa homoni yoyote. Mwaka 1965 Robert Edwards aliliona jambo hilo kwenye mayai ya binadamu na ya wanyama wengine kadhaa, ng'ombe akiwemo. Ndani ya folikuli yai limezuiliwa. Seli zinazolizunguka hutengeneza cGMP, kijumbe kidogo cha kemikali, nayo hupita kwenye vijia vidogo kati ya seli na seli hadi ndani ya yai. Huko hukizuia PDE3A, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja cAMP, kijumbe kingine. Maadamu cAMP iko juu, yai limelala. Mwilini LH, homoni inayoamuru yai litoke, ndiyo inayokuja kukivunja kizuizi hicho. Wewe umeshakivunja kwa sindano yako pale ulipolinyonya yai.

FSH unayoiweka kwenye kisahani ina kazi nyingine. Inazungumza na kumulusi, zile seli zinazolivaa yai. Zikishaisikia huongeza cAMP yao, jambo ambalo huchelewesha yai kidogo mwanzoni, kisha hutoa vichocheo vya amfiregulini na ndugu zake, hutengeneza asidi ya hyaluroniki (ule utelezi wa kati ya seli), na hufumuka. LH yenyewe haina mengi ya kufanya hapo: mwilini hugonga zaidi kwenye ukuta wa folikuli, na ukuta ndio unaopeleka ujumbe kwa kumulusi. Kwenye kisahani ukuta haupo. Ndiyo maana wanaoiondoa LH kwenye mapishi yao mara nyingi hawaoni tofauti.

Kwa hiyo una maswali mawili, usiyachanganye. Je, kumulusi zimefumuka? Hilo linaihusu FSH. Je, yai limetoa globuli ya pola, kile kiseli kidogo kinachosukumwa pembeni yai likifika metafazi ya pili? Hilo kwa kawaida haliihusu FSH.

Kisahani cha shahidi

Kila wiki, hata mambo yakiwa mazuri, tenga mayai kumi hadi kumi na tano ya ovari zile zile kwenye midia ile ile isiyo na FSH. Yaweke kwenye inkubeta moja na mengine, kisha uyasome kwa saa ile ile.

Kumulusi za FSH zikifumuka, za shahidi zikabaki zimebana au zimefunguka kidogo tu (seramu ina vikuzaji vyake), na globuli zikawepo kote, homoni yako ni nzima. Kumulusi zikibana kote lakini globuli zipo, sasa una haki ya kuishuku FSH: nenda dalili ya kwanza. Globuli zikikosekana kote, rudisha kichupa friza na uende dalili ya pili. Labo nyingi hazitengi shahidi kwa sababu ovari ni chache na kila yai linahesabiwa. Naelewa. Lakini bila shahidi unabahatisha, na kubahatisha kwa homoni ya kuagizwa nje ni ghali kuliko mayai kumi.

Dalili ya 1: Kumulusi hazifumuki

Baada ya saa 18 na kuendelea, kumulusi nzima huonekana kama wingu pana lenye seli zilizoachana. Ukilivuta kwa pipeti linateleza kama bamia iliyopikwa na kung'ang'ania mdomo wa pipeti. Kumulusi zenye shida hubaki kigaga kilichobana, au hufunguka halafu seli zikaanguka chini ya kisahani moja moja kama vumbi. Hizo ni picha mbili zenye sababu tofauti. Andika umeona ipi.

*Mayai yaliingia yakiwa uchi.* Hii ndiyo ya kwanza kwa wingi. FSH haina mtu wa kuzungumza naye kama kumulusi zimeng'olewa. Rudi kwenye picha za wakati wa kuchagua: je, kila yai lilikuwa na angalau tabaka tatu za seli zilizoshikana, na utomvu wa yai ulikuwa sawa kote? Kama mengi yalikuwa nusu uchi, shida ni unyonyaji. Tumia sindano ya geji 18 na bomba la mililita 10, nyonya folikuli za milimita 2 hadi 8, na usivute kwa hasira. Ukitumia pampu, punguza nguvu mpaka tone lidondoke taratibu. Mchirizi unaopiga ukuta wa tyubu kwa kasi unavua kumulusi kabla hazijafika chini.

*Dozi imepotea kati ya IU (vizio vya nguvu ya homoni) na mikrogramu.* Hapa wengi huumia, hata wenye digrii. FSH ya zamani, iliyosafishwa kutoka tezi za wanyama, huandikwa kwa uzito, na mapishi yake husema mathalani mikrogramu 1 kwa mililita. FSH ya siku hizi ya kutengenezwa kwa seli, ile ya kichupa cha IU 75 inayouzwa kwa ajili ya wanawake, ina mikrogramu 5.5 tu za protini kwa hizo IU 75. Ukichukua pishi la "mikrogramu 1 kwa mililita" ukalitimiza kwa kichupa hiki, umemwaga karibu IU 14 kwa kila mililita, wakati dozi iliyozoeleka ni IU 0.1. Umezidisha zaidi ya mara mia. Anayefanya kinyume chake hubaki na maji matupu.

Njia isiyokosea: yeyusha IU 75 kwenye mililita 7.5 za midia ya kuoshea yenye albumini kidogo. Sasa una IU 10 kwa mililita. Gawa mikrolita 100 kwa kila kityubu, gandisha. Kityubu kimoja kwenye mililita 10 za midia kinakupa IU 0.1 kwa mililita, na hakuna hesabu ya kufanya saa ya kazi.

*FSH imechoka kweli.* Ni protini ya vipande viwili vilivyoshikana, na vikiachana kazi imeisha. Unga mkavu huvumilia safari, iliyoyeyushwa haivumilii. Mzigo ukilala kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa mwezi wa kumi, uliza kwanza kama ni unga au maji. Mengine yanayoiua hutokea mezani kwako: kugandisha na kuyeyusha kityubu kimoja mara tatu nne, kutikisa kwa mashine hadi povu litoke, na kuichanganya nyembamba kwenye maji matupu bila albumini, ambapo sehemu yake hubaki imenata kwenye plastiki.

Kipimo chake ni rahisi. Andaa visahani vitatu: bila FSH, FSH dozi ya kawaida, FSH mara kumi. Kikifumuka cha mara kumi peke yake, nguvu imepungua. Visipofumuka vyote, weka cha nne chenye kikuzaji cha EGF nanogramu 10 kwa mililita, kwa sababu EGF huziamsha kumulusi bila kupitia vipokezi vya FSH. Kikifumuka hicho, kumulusi zako ni hai, midia ni nzuri, na FSH ndiyo iliyokufa. Kisipofumuka hata hicho, iache FSH ipumzike. Kumulusi zenyewe zimeumia.

*Hakuna seramu.* Hii ndiyo picha ya seli zinazoanguka kama vumbi. Asidi ya hyaluroniki inahitaji kushikizwa na protini inayokuja na seramu, jamaa ya inta-alfa. Ukitumia albumini iliyosafishwa peke yake, kumulusi hutengeneza utelezi lakini hauna kinachoushika, unamomonyoka. Rudisha seramu asilimia 5 hadi 10 uone.

Onyo moja kabla hatujaondoka hapa: usitibu kumulusi zilizobana kwa kuendelea kupandisha dozi. FSH nyingi kupita kiasi huzifanya seli ziache kusikia, na kwa panya dozi kubwa zimehusishwa na kromosomu kugawanyika vibaya. Kama IU 1 kwa mililita haikutosha, IU 10 haitakuokoa.

Dalili ya 2: Globuli haionekani

Kumulusi zimefumuka vizuri mno, kila mtu amefurahi, unazivua, na globuli hakuna. Au zipo kwenye mayai mawili matatu kati ya ishirini.

Kabla ya yote, hakikisha haipo. Globuli ni ndogo, na yai la ng'ombe lina mafuta mengi yanayolifanya zito na jeusi. Vua kumulusi kabisa kwa kimeng'enya cha hyaluronidezi na pipeti nyembamba, kisha lizungushe kila yai kwa ncha ya pipeti hadi uone pande zote. Kama bado una shaka, gandamiza mayai kumi kwenye kioo, yaloweke kwenye mchanganyiko wa ethanoli tatu kwa asidi ya asetiki moja hadi kesho yake, kisha yapake rangi ya orseini asilimia 1 katika asidi ya asetiki asilimia 45. Ni kazi ya siku mbili, na inakwambia yai lilisimama wapi. Hilo ndilo litakaloamua usome aya ipi hapa chini. Kiini cha mwanzo kikiwa bado kizima, yai halikuamka. Likiwa na metafazi lakini bila globuli, limeamka likakwama njiani.

*Joto.* Usisome namba ya mlangoni. Weka kipimajoto chembamba kilichohakikiwa ndani ya kisahani chenye maji, kwenye rafu ile ile, funga, subiri saa mbili. Tofauti ya nyuzi moja ni ya kawaida sana kwenye inkubeta za mkono wa pili. Pima pia meza ya darubini: mayai yanayochaguliwa kwa nusu saa juu ya kioo baridi asubuhi ya mwezi wa sita yameshaadhibiwa kabla hayajaingia popote. Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango "kuangalia." Chupa za maji zilizopangwa rafu ya chini hushika joto vizuri kuliko maombi, na betri yenye inveta kwa ajili ya inkubeta peke yake si anasa hapa kwetu.

*pH, na hapa Lubumbashi mlima unahesabiwa.* Mapishi yote yanasema CO2 asilimia 5. Yaliandikwa na watu wengi walio karibu na usawa wa bahari. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi. Asilimia 5 ya hewa nyepesi ni CO2 kidogo kuliko asilimia 5 ya kule pwani; inalingana na kama asilimia 4.3 yao. Midia inakuwa na alkali zaidi, pH inapanda kwa karibu 0.06. Peke yake hiyo haiui yai, lakini ukiijumlisha na bikaboneti iliyozidi kidogo na mlango unaofunguliwa kila mara, umefika mahali pabaya. Kwetu weka karibu asilimia 5.8. Wenzetu wa Goma na Bukavu, walio karibu mita 1,500, waweke kama 6. Halafu usiiamini namba hiyo pia: acha midia ilale usiku kwenye inkubeta, itoe, pima pH upesi. Unatafuta 7.2 hadi 7.4. Kipimo cha CO2 ndani ya mashine nacho huhitaji kusahihishwa kwa mwinuko wa mahali, na wauzaji wengi hawalitaji jambo hilo.

*Muda.* Hesabu tangu mayai yalipoingia midia ya kukomazia, si tangu ng'ombe alipochinjwa. Kwa saa 16 mengi bado yako metafazi ya kwanza, na huo si ugonjwa.

*Mayai hayakuwa yamekua.* Folikuli za chini ya milimita 2 hutoa mayai ambayo bado ni madogo. Yai la ng'ombe lenye kipenyo cha chini ya mikromita 110 hivi mara nyingi haliwezi kumaliza mayosisi hata ulipe homoni ya dunia nzima. Ovari zikiwa chache, mtu hushawishika kukwangua kila kitu kinachong'aa. Matokeo yake ni asilimia inayoshuka na FSH inayosingiziwa.

*Kuna kitu kimeshikilia cAMP juu.* Hii ni adimu, nayo huwapata wanaotumia hatua ya awali yenye kemikali za IBMX au foskolini ili kulichelewesha yai kwa makusudi. Wasipoosha vizuri, kizuizi kinahamia kwenye midia ya kukomazia. Osha mara tatu kwa matone mapya. FSH iliyozidi inaweza kuchelewesha vilevile. Ongeza saa mbili tatu kwenye kisahani kimoja uone kama yanafika.

Dalili ya 3: Yai limesinyaa, au limekuwa la kahawia na chembechembe

Wanaotoka kutazama video za mayai ya binadamu hushtuka wakiona yai la ng'ombe. La binadamu ni angavu kama glasi, la ng'ombe ni jeusi tangu kuzaliwa. Weusi ulio sawa kote ni afya. Unaotisha ni mabaka, utomvu uliojitenga na ganda, au yai lililosinyaa likaacha nafasi kubwa.

Kusinyaa karibu siku zote ni maji kukauka. Trei ya maji ya inkubeta ni tupu, au matone ya mikrolita 50 yametengenezwa moja moja polepole bila mafuta juu yake. Angalia trei. Kisha pima osmolaliti (ukali wa chumvi na vilivyoyeyuka) ya midia kabla na baada. Ikivuka 300 mOsm umejibiwa.

Sababu ya pili ni sumu ya hewani. Jenereta iliyosogezwa dirishani, rangi mpya ukutani, mlinzi anayepika kwa makaa nje ya mlango, spiriti inayomwagwa mezani dakika moja kabla ya kazi. Moshi na mvuke huyeyuka kwenye mafuta ya madini yanayofunika matone, na mafuta huyaweka akiba. Sogeza jenereta, subiri spiriti ikauke.

Maji nayo. Tunaishi kwenye mji wa shaba na kobalti, na kiasi kidogo sana cha metali kinatosha kuudhi yai. Maji yaliyochemshwa mara moja kwenye mtambo wa zamani wa labo ni ya kuoshea vyombo. Ya midia yawe ya kiwango cha kukuzia viinitete, kwenye chupa iliyofunguliwa hivi karibuni.

Halafu estradioli, homoni ya steroidi ambayo wengine huiongeza kwenye midia. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hubebwa na ethanoli. Akiba yako ikiwa miligramu 1 kwa mililita, mikrolita 1 kwa mililita ya midia inakupa mikrogramu 1, na ethanoli ni asilimia 0.1. Akiba ikiwa nyembamba mara kumi, unalazimika kumwaga ethanoli asilimia 1, na hiyo yai linaisikia: wanaotaka kuliamsha yai bila mbegu hulichovya kwenye ethanoli asilimia 7 kwa dakika chache tu. Kama mayai yanaharibika kwenye midia yenye estradioli peke yake, weka kisahani chenye ethanoli bila estradioli. Utajua nani mkosaji.

Dalili ya 4: Wiki nzuri, wiki mbaya

Hakuna kinachochosha kama hii, na ndiyo inayoleta ushirikina labo.

Anza na termosi. Ovari zinatakiwa zifike kwenye maji ya chumvi 0.9 yenye viuavijasumu, nyuzi 30 hadi 35, ndani ya saa nne hivi. Chovya kipimajoto mara tu termosi inapofunguliwa na uandike. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri yetu inashuka chini ya nyuzi 10, na termosi ya chai iliyofungwa nyuma ya pikipiki bila kutanguliziwa maji moto hufika vuguvugu la kusikitisha. Mayai ya ng'ombe hayapendi baridi. Mwezi wa kumi shida inageuka: ng'ombe wenyewe wameteseka na jua na ukame, na joto la muda mrefu hushusha ubora wa yai wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa. Hilo huwezi kulirekebisha labo. Liandike tu, usije ukalinganisha Juni na Oktoba ukadhani FSH imebadilika.

Seramu inafuata. Kila bechi ina homoni na vikuzaji vyake, na hakuna bechi mbili zinazofanana. Nunua chupa za namba moja ya bechi kadiri mfuko unavyoruhusu, jaribu bechi mpya sambamba na ya zamani kabla ya ya zamani kuisha.

Kisha ile ambayo watu hawaitarajii: mafuta hunywa steroidi. Estradioli na projesteroni hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya estradioli uliyopima kwa makini huhama kutoka kwenye tone dogo kwenda kwenye mafuta yaliyolifunika. Aliyetumia mililita 3 za mafuta na aliyetumia 8 hawakukomaza mayai kwenye homoni sawa. FSH haihami, ni protini. Mimi, kwa anayeanza na mwenye seramu na FSH, namshauri aiache estradioli kabisa. Kumulusi hutengeneza steroidi zao. Na kwenye midia isiyo na seramu wala FSH, estradioli imeonekana kuharibu nyuzi za mgawanyo za yai la ng'ombe, kwa hiyo usidhani kuiongeza hakuwezi kudhuru.

Dalili ya 5: Globuli zipo, mbegu zimewekwa, hayagawanyiki

Kiini kimekomaa, utomvu haujakomaa. Au yamekaa mno: baada ya saa 28 au 30 yai linazeeka na linaanza kujiamsha lenyewe. Punguza muda, jaribu sisteamini (kemikali inayolikinga yai) mikromolari 100 kwenye midia, na kabla ya hapo zipime mbegu zako kwa mayai ya labo nyingine ukiweza. Nusu ya malalamiko haya ni ya fahali.

Midia yenye ukungu au mawingu

Tupa, usichuje ukaokoa. Safisha trei ya maji, badilisha ovari zinavyooshwa, kata mafuta na tishu zote kabla ya kuziingiza chumba cha kazi.

Simama hapa, mwite mwenye fani

Ovari za mnyama aliyekufa ghafla bila sababu, au anayetoka damu puani: usiziguse, usizifungue. Huenda ni kimeta. Mpigie daktari wa mifugo wa serikali. Hata ovari za mnyama aliyeonekana mzima zinaweza kubeba viini vya ugonjwa wa brusela, kwa hiyo glavu na miwani ni kila siku, na anayenyonya kwa mdomo kwa bomba la mpira aache leo.

Kichwa cha mtungi wa CO2 kikilia au kikifanya barafu, fungua milango utoke. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na chumba kidogo hujaa haraka. Usifungue kirekebishi kwa spana ya gereji. Aliyekuuzia gesi ndiye wa kuja. Bodi ya umeme ya inkubeta nayo ni ya fundi wa mitambo ya labo, hasa baada ya umeme kurudi kwa kishindo.

Unga wa estradioli hupita kwenye ngozi na pua. Glavu, barakoa, na mama mjamzito asiupime kabisa.

Na hili linanipata mara kwa mara: dada au shemeji anasikia nafanya kazi na "dawa za mayai" anaomba ushauri, kwa sababu ameambiwa mayai yake hayakomai. Hakuna kitu hapa kinachomhusu mwili wake. Homoni za mifugo, hasa ile ya seramu ya farasi, zisimkaribie. Mayai ya binadamu hukomazwa kwa nyuzi 37, kwa kanuni nyingine, na timu yenye daktari wa wanawake na mwanabiolojia wa viinitete. Mwelekeze kwa daktari wa wanawake, mwambie abebe vipimo vyote alivyokwisha kufanya.

Ukifika mwisho wa dalili zote na bado umekwama, tafuta mtaalamu wa uzazi wa mifugo kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo, na usiende mikono mitupu. Beba namba ya bechi ya FSH na ya seramu, tarehe ya kuyeyusha, joto la termosi lilipofunguliwa, pH ya midia iliyolala usiku, picha za mayai siku ya kuchagua na siku ya kuvua, na vioo vya orseini vya visahani vyote viwili, cha FSH na cha shahidi.